Baiti ya Tisa

Dokta akiingia maabara, kabla hata hajaweka mkoba chini, huchomoa waya. Ni waya wa kijivu unaotoka kwenye swichi iliyo juu ya kabati na kuingia ukutani, nao ndio unaoiunganisha maabara na mtandao wa chuo. Huukunja mara tatu, huufunga kwa utepe, kisha huuweka mezani mahali ambapo kila mwanafunzi anauona. Tangu hapo kompyuta 24 za chumba kile huzungumza zenyewe kwa zenyewe. "Haya," husema, "sasa tuna ruhusa ya kukosea."

Nilikaa nyuma ya darasa hilo muhula mzima, kila Alhamisi asubuhi, katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Somo ni usalama wa mitandao, wanafunzi ni wa mwaka wa tatu, na ndani ya somo mna sehemu ya akili mnemba: namna ya kuifunza kompyuta itambue shambulio lililojichanganya na mawasiliano ya kawaida. Vijana wengi wamelichagua somo kwa ajili ya sehemu hiyo, na wangependa ianze siku ya kwanza. Dokta huifikia wiki ya saba. Wiki sita za mwanzo ni za macho na penseli, na muhula ulipokwisha nilikuwa sina shaka tena kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake imo katika wiki hizo sita.

Siku ya kwanza aliwasomea kwa sauti kifungu cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinachokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Hakukifafanua sana. Alipitisha daftari, kila mmoja akatia saini. Kisha akagawa koleo za kubania, vichwa vya plastiki na vipande vya waya vya mita mbili mbili, akawaambia kila mtu atengeneze waya atakaoutumia muhula wote. Ndani ya waya ule mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na hupangwa kwa mfuatano usiobadilika: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Ukipindua nyuzi mbili tu, mawasiliano yanaweza yasipite. Kijana mmoja alibania mara nne, akakata vichwa vinne akavitupa. Dokta alikuwa amesimama pembeni yake wakati wote huo, mikono nyuma. Hakumnyang'anya koleo. Mara ya tano taa ndogo ya swichi ikawaka, kijana akainua uso, Dokta akatikisa kichwa mara moja na kwenda meza ya pili.

Wiki ya pili zilikuja karatasi. Kila mwanafunzi alipewa moja, ikiwa na mistari miwili tu:

45 00 00 3c 1c 46 40 00 40 06
b1 e6 ac 10 0a 63 ac 10 0a 0c

Hicho ni kichwa cha pakiti moja, baiti 20, kimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita kama kompyuta zinavyopokezana. Pakiti ni kama barua, na kichwa ni maandishi ya juu ya bahasha. Dokta aliandika mistari ile ubaoni kwa chaki, akaanza kuisoma pole pole, baiti kwa baiti. Ile 4 ya mwanzo ni toleo la itifaki. Ile 5 inayoifuata ni urefu wa kichwa: mafungu matano ya baiti nne nne, yaani 20. Baiti ya tatu na ya nne kwa pamoja ni urefu wa pakiti nzima. 3c kwa hesabu yetu ya kila siku ni 60. Baiti ya kumi, 06, inasema kwamba mzigo uliomo ndani ni wa itifaki ya TCP. Nne za mwisho ni anwani ya mpokeaji, 172.16.10.12, na nne zilizozitangulia ni ya mtumaji.

Baiti ya tisa aliiacha makusudi. "Mtanitafutia ninyi," alisema. Hiyo ndiyo inayobeba TTL, ambayo yeye huiita umri wa pakiti. Mtumaji huipa pakiti umri inapoondoka: kompyuta za Linux kwa kawaida huipa 64, za Windows 128, na vifaa vingine vya mtandao 255. Kila ruta inayoipitisha hupunguza moja. Umri ukifika sifuri pakiti hutupwa, isije ikazunguka mtandaoni bila kikomo. Katika karatasi ile jibu ni 40, yaani 64.

Ila baiti ya saba nayo imeandikwa 40, na maana yake ni nyingine kabisa: ni bendera inayokataza pakiti isikatwe vipande njiani. Msichana aliyeketi mbele yangu aliizungushia duara ile ya saba, akaandika 64 pembeni, akaweka penseli chini. Dokta alipopita aliitazama karatasi kwa muda. "Umehesabu," aliuliza, "au umeona arobaini ukasimama?" Msichana alichukua penseli, akaanza tena toka 45, akigusa kila baiti kwa ncha. Alipofika ya saba alitulia kidogo, akaendelea hadi ya tisa. Akafuta duara la kwanza kwa raba mpaka karatasi ikawa nyeupe.

Nimesimulia kisa hicho kwa kirefu kwa sababu kitarudi.

Wiki ya tatu waliruhusiwa kufungua Wireshark, programu inayokamata pakiti na kuzionyesha kwenye skrini. Dokta aliwataka waangalie jinsi kompyuta mbili zinavyoanza mazungumzo. Ya kwanza hutuma pakiti yenye bendera ya SYN. Ya pili hujibu kwa SYN na ACK. Ya kwanza humalizia kwa ACK. Hodi, karibu, nimekaribia. Aliyejua kubisha mlango wa jirani akiwa mtoto hahitaji kukariri utaratibu huo. Na hapo hapo akawaonyesha utovu wa adabu: kompyuta inayopiga hodi kwenye poti ya 21, haingoji, inapiga ya 22, ya 23, ya 25, ya 80, mtaa mzima, na haiingii nyumba hata moja. Hakuna mwanafunzi aliyeuliza kwa nini jambo hilo ni la kutilia mashaka.

Wiki ya nne wakarudi kwenye karatasi, safari hii za miraba. Pakiti zinazoshirikiana mambo matano, yaani anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, poti ya huku, poti ya kule na itifaki, huhesabiwa kuwa mazungumzo mamoja, nayo huitwa mtiririko. Kila kikundi kilipewa mitiririko sita, kikatakiwa kukokotoa kwa mkono: umedumu sekunde ngapi, pakiti ngapi zimekwenda na ngapi zimerudi, baiti ngapi kila upande, wastani wa muda kati ya pakiti na pakiti. Kazi hiyo ilichukua saa mbili na nusu. Kompyuta ingeimaliza kabla hujapepesa macho, na vijana walilisema hilo kwa sauti. Dokta alijibu kwamba anajua. Aliendelea kupita kati ya meza, akiinama hapa, akionyesha kwa kidole mahali ambapo mtu amesahau kutoa sekunde ya kwanza, akipita bila neno pale ambapo hesabu ilikuwa sawa.

Wiki ya tano Zeek ilifanya kazi ile ile mbele yao. Ni programu iliyoanzishwa na Vern Paxson miaka ya 1990 katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, kwa jina la Bro. Jina la sasa ilipewa mwaka 2018. Inasikiliza mtandao na kuandika kila mtiririko kwenye mstari mmoja, na ndani ya kila mstari inaweka alama ya hali. SF ni mazungumzo yaliyoanza na kuisha vizuri. REJ ni hodi iliyokataliwa. S0 ni hodi ambayo haikujibiwa na mtu. Wanafunzi walizisoma alama zile kama watu wanaosoma maandishi ya mkono wa ndugu yao, kwa kuwa kila tarakimu iliyokuwa kwenye mstari walikwisha kuitengeneza wenyewe kwa penseli.

Wiki ya sita waliandika kanuni kwa Snort, mfumo uliotolewa na Martin Roesch mwaka 1998: ukiona hiki, piga kengele. Kanuni hunasa kile ulichoitajia, na adui akibadilisha kidogo tu anapita. Ndipo Dokta akataja makala ya Dorothy Denning ya mwaka 1987, iliyopendekeza kwamba mfumo ujifunze mwenendo wa kawaida wa watumiaji na kushtuka unapoona mwenendo wa ajabu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi kwa nini mashine ifundishwe. Walikuwa wametumia asubuhi nzima wakiandika kanuni, na wenzao wa meza ya pili wakizikwepa.

Wiki ya saba, basi, data. Alileta mkusanyo unaotumika sana vyuoni, CICIDS2017, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha New Brunswick, Kanada, kwa siku tano za Julai 2017. Jumatatu ni ya mawasiliano salama peke yake. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa yameingizwa mashambulio ya aina mbalimbali. Mistari ni zaidi ya milioni 2.8, safuwima 79. Kazi ya kwanza aliyowapa ilikuwa amri moja fupi ya Python: ionyesheni safuwima ya lebo. Programu ikakataa, ikasema safuwima hiyo haipo. Wakaandika upya. Haipo. Wakaangalia skrini, wakaiona ipo, imeandikwa wazi kabisa. Ilipita karibu robo saa, na Dokta ameketi, amekunja mikono, hajasema kitu. Mwishowe kijana mmoja alizichapa herufi za jina lile moja moja na kugundua kwamba mbele yake kuna nafasi tupu. Jina halisi linaanza na nafasi, kisha neno. Ndivyo mafaili yale yalivyo.

Kutoka hapo walianza kupekua kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo kabla ya kuubandika. Safuwima moja ya urefu wa vichwa imejirudia mara mbili. Kwenye safuwima ya kasi ya baiti kwa sekunde mna thamani zisizo na ukomo, kwa sababu kuna mitiririko iliyodumu sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu. Shambulio la Heartbleed lina mistari 11 tu katika milioni zote zile. "Mashine isiyojua kabisa Heartbleed ni nini," alisema Dokta, "ikosee zote kumi na moja, itapata asilimia ngapi?" Walikokotoa. Desimali za tisa zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia, na kuanzia siku ile sikusikia tena mtu akitaja asilimia ya jumla bila kuulizwa na mwenzake: katika aina ipi?

Alhamisi ya wiki ya tisa ndiyo niliyoiona kuwa kilele cha ufundi wake, ingawa kwa mtu anayepita dirishani isingeonekana kama ni siku ya pekee. Alileta data za zamani zaidi, zile za mwaka 1999 zilizoandaliwa na Lincoln Laboratory ya MIT kwa ajili ya DARPA. Ni mtandao wa kuigiza: wiki tano za mawasiliano ya kubuni, na mashambulio yamepandikizwa ndani yake kwa makusudi ya kupima mifumo ya ulinzi. Dokta alikuwa amechagua sehemu yake, akaandaa jedwali lenye vitu vile vile vya wiki ya pili: urefu, itifaki, bendera, umri. Akawataka wafundishe mti wa maamuzi.

Mti wa maamuzi ni mashine nyepesi kueleweka. Huuliza swali moja kuhusu safuwima moja, ndiyo au hapana, kisha swali jingine, mpaka ifikie kusema shambulio au salama. Maktaba ya Scikit-learn huujenga kwa mistari michache ya programu. Vikundi vyote vilimaliza ndani ya dakika ishirini, na alama zilizotoka zilikuwa jirani na mia. Walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mmoja aliinuka akapigana viganja na mwenzake.

Dokta aliwaacha wafurahi mpaka kelele ziishe zenyewe. Sikuona dalili usoni mwake kwamba anajua jambo. Halafu akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Uchapeni mti. Mniambie umeuliza nini kwanza."

Mashine ya kuchapa ikafanya kazi. Swali la juu kabisa lilihusu umri. La chini yake, umri. La tatu, umri. Wakatazamana. Mti haukuhitaji kugusa bendera, wala poti, wala urefu. Yule msichana wa duara la wiki ya pili alivuta jedwali, akalipanga kwa safuwima ya umri, akaanza kuteremka kwa kidole kwenye skrini. Mistari salama ilikuwa na 127 na 254, kwa wingi. Penye 126 au 253, kila mara lebo ilikuwa ile ile: shambulio.

Alinyamaza kitambo. Kisha akahesabu kwa sauti ndogo, nami nilimsikia kwa kuwa nilikuwa nyuma yake. Mia ishirini na nane toa moja, mia ishirini na saba. Toa mbili, mia ishirini na sita. Mia mbili hamsini na tano toa moja. Toa mbili. Akageuka. "Dokta, huyu mshambuliaji yuko ruta moja mbali zaidi. Mashine haijamjua mwizi. Imejua anakokaa."

Ndivyo ilivyo. Matthew Mahoney na Philip Chan wa Florida Institute of Technology waliliandika hilo mwaka 2003, baada ya data hizo kutumika miaka kadhaa katika tafiti nyingi. Pakiti za mashambulio zilitoka kwenye mashine iliyokaa mahali tofauti katika mtandao wa kuigiza, na alama ya mahali ikabaki kwenye baiti ya tisa. Mfumo wowote ungeweza kujifunza alama hiyo na kupata sifa nzuri, na ungepelekwa kwenye mtandao wa benki au wa hospitali usingejua lolote. Dokta angeweza kuwaambia hayo kwa sentensi mbili wiki ya kwanza. Wangeyaandika kwenye madaftari na kuyasahau. Alichofanya ni kuipanda baiti ile wiki ya pili, kwa karatasi na penseli, akaingoja wiki saba nzima iote.

Sina neno la kutosha kwa subira hiyo. Mwalimu anayeshika jibu mkononi huwashwa na ulimi; mimi niliyekaa nyuma tu nilitamani kusema. Yeye alikuwa amepanga muhula wote kuzunguka ukimya wake.

Waliifuta safuwima ya umri, wakaujenga mti upya, alama zikashuka. Hakuna aliyelalamika. Kikundi kimoja kiliandika alama mpya ubaoni na kupigia mstari.

Zilizofuata zilikwenda kwa kasi zaidi, kwa sababu msingi ulikwisha kushika. Wiki ya kumi alisimama ubaoni na chaki, akafanya hesabu ambayo Stefan Axelsson aliiweka wazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Chukua mtandao wenye mawasiliano milioni 1 kwa siku, na 20 kati yake ni mashambulio. Chukua mashine nzuri mno, inayonasa yote 20 na kukosea asilimia 1 tu ya yaliyo salama. Asilimia 1 ya karibu milioni ni karibu 10,000. Kengele zitalia mara 10,020, na za kweli ni 20. Kila kengele ikichunguzwa kwa dakika 3, kazi ya siku moja inahitaji takriban saa 500. Alichora saa 24 za siku pembeni, kama mstari mfupi, na saa 500 kama mstari uliovuka ubao na kuishia ukutani. Akakung'uta chaki vidoleni.

Wiki iliyofuata aliwakataza kuchanganya data kabla ya kuzigawa. Kawaida ya vitabu ni kuzitikisa kama karata, kisha kuzigawa sehemu ya kufunzia na sehemu ya kupimia. Yeye aliwataka wafunze kwa siku za mwanzo wa juma na wapime kwa siku za mwisho, kwa kuwa mlinzi halisi hajaiona kesho. Mashine zilizokuwa hodari zilipoteza uhodari mbele ya mashambulio mageni, na vijana wakaelewa jambo ambalo Robin Sommer na Vern Paxson waliliandika mwaka 2010: kwamba mashine hizi ni mahiri zaidi katika kutafuta kinachofanana na zilichokwisha kukiona kuliko kukitambua kigeni.

Na zile programu za kuzungumza nazo, ambazo kila mwanafunzi anazo kwenye simu? Dokta hazikatazi. Aliwapa mistari kumi ya Zeek iliyotoka kwenye maabara yao wenyewe, akawaambia waiombe programu iieleze, kisha kila sentensi iliyotoka waikague dhidi ya pakiti zenyewe kwa wino mwekundu. Sentensi nyingi zilikuwa sahihi. Mbili zilieleza kwa ufasaha mkubwa jambo ambalo halikutokea. Sharti lake lilikuwa moja: mistari ya mtandao wa watu halisi haibandikwi huko kamwe, kwa sababu anwani na nyakati za mtu ni taarifa zake binafsi, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 ya kuzilinda.

Wiki mbili za mwisho zilikuwa za mapambano. Nusu ya darasa ilishambulia, nusu ililinda, katika mtandao ule uliofungwa. Walinzi waliwasha mashine walizozifunza. Kwa kila kengele walitakiwa kuandika sentensi moja ya Kiswahili ambayo ofisa wa zamu, asiyejua hesabu yoyote ya mashine, ataielewa na kuchukua hatua. Nilizisoma baadaye. "Kompyuta ya meza ya tisa imepiga hodi kwenye poti 1,000 za seva yetu ndani ya sekunde chache na haikuingia popote, izuieni kwanza, kisha muulizeni mwenyewe." Hiyo ilikuwa sahihi. Nyingine ilimshtaki mwanafunzi ambaye kompyuta yake ilikuwa inanakili faili kubwa kutoka kwenye seva. Walinzi walifungua pakiti, wakasoma, wakaifuta kengele na kuandika sababu.

Siku ya mwisho washambuliaji walibadilisha mwendo. Hodi moja kila dakika tano, asubuhi nzima. Mashine za walinzi zilikuwa zimefundishwa kutazama dakika moja moja, na katika dakika moja hodi moja si kitu. Saa mbili zilipita kimya. Kikundi cha yule kijana wa koleo hakikuridhika na ukimya huo. Kijana huyo alikwenda kwenye kabati, akatoa karatasi ya miraba iliyobaki toka wiki ya nne, akaanza kuweka nukta kwa kila S0 iliyoandikwa na Zeek: saa upande wa chini, anwani upande wa kushoto. Nukta nyingi zilitawanyika hovyo. Mstari mmoja haukutawanyika. Nukta zake zilipishana miraba mitano mitano, sawasawa, kama vifungo vya shati.

Dokta alikuwa nyuma yake, mikono nyuma. Alitazama nukta mpaka ya mwisho. "Andika kengele," alisema.

Saa saba kasoro dakika kumi alifungua utepe, akanyoosha waya wa kijivu, akauchomeka ukutani. Mtihani wa somo hilo ni wa saa tatu. Swali la kwanza ni mistari miwili ya baiti, ishirini kwa jumla, na wakati wa kulijibu kompyuta zote 24 huwa zimezimwa.